Karatasi mbili, sikio ni lile lile

Bwana Mhariri,

Nilisoma gazeti lenu la juma iliyopita, na ile barua ya ndugu yetu wa Kampemba nilirudilia kuisoma mara mbili, pale anaposema mtu anayeweza kupokea telefoni na kumjibu mwajiri wake "ndiyo patro" huyo si mlemavu, na kwamba sisi tunaosikia nusu tunatafuta tu kupita ku mlango wa walemavu wa kweli ili tukule nafasi zao za kazi. Mi ni mmoja wa hao wanaosikia nusu. Sikukasirika, nilihuzunika, juu anachosema ndugu huyu njo watu wengi wa Lubumbashi wanafikiri, hata nyumbani kwangu walifikiri hivyo, hata mi mwenyewe niliamini hivyo miaka na miaka mpaka siku nilipojikuta na karatasi mbili mkononi. Naomba nafasi nizieleze hizo karatasi.

Nilifanya kazi miaka 14 ku atelie moja ya hapa mjini inayotengenezea wenye migodi matanki na mabomba. Mi ni fundi wa tole, yaani mabati mazito ya chuma, shodronie. Kazi yetu ni kukata tole, kuikunja, kuipiga nyundo mpaka ikae, kusude, yaani kuunganisha vyuma kwa moto, kusaga. Wanaokaa karibu na atelie kama hizo wanajua kelele yake, lakini ile ya nje bado ni kitu kidogo, ingia ndani ya tanki, mwenzako yuko juu anapiga nyundo na wewe uko ndani unashika tole, pale sauti haina njia ya kutoka, inazunguka na wewe mule mule. Vizibo vya masikio tulipewa, nisiseme uongo, pakiti moja siku ya kuanza kazi, na zingine siku wageni wa sosiete kubwa walipokuja kutembelea. Siku zilizobaki tuliweka pamba.

Nilipoona nasikia vibaya niliomba waandike kwamba ni ugonjwa wa kazi ili dosie yangu iende nilipwe. Munganga wa kazi wa sosiete akanipima, akaongea na mimi ndani ya biro yake, mlango umefungwa, kimya kabisa, sisi wawili uso kwa uso. Akaandika: mfanyakazi anasikia mazungumzo ya kawaida, hakuna ulemavu, arudi ku kazi. Hiyo njo karatasi ya kwanza. Kontra yangu ilipomalizika haikuandikwa tena.

Karatasi ya pili ni ya siku 26 baadaye. Nilikuwa nimeomba kazi ya magazinie ku depo ya sosiete ingine. Kazi ya kukaa ndani, kupokea boni, yaani karatasi za kuomba vitu, kutoa vitu, kuandika ku kitabu kilichoingia na kilichotoka. Vyuma vyote navijua kwa jina na kwa unene, kuandika naandika vizuri, mahesabu najua, na yule mkubwa wa depo alikuwa tayari amenionyesha meza nitakapokaa. Ikabaki tu vizite ya munganga. Odiogramu, karatasi ya kipimo cha masikio, ikatoka ile ile, sikio la kuume desibeli 47, la kushoto 41, namba ikipanda njo kusikia kunapungua, na chini yake wakaandika inapti, yaani hafai, juu ya upungufu wa kusikia masikio yote mawili.

Bwana Mhariri, masikio ni yale yale. Desibeli ni zile zile. Ku kulipwa mi ni mzima, ku kuandikwa kazi mi ni kilema. Katikati ya hizo siku 26 hakuna kitu kilichobadilika ndani ya kichwa changu, kilichobadilika ni mfuko wa nani ungetoa pesa.

Sasa ndugu wa Kampemba anauliza, kusikia nusu ni ulemavu ama si ulemavu? Ni swali la haki kabisa na mi sitaki kulikwepa. Ila kwanza wacha nieleze kusikia nusu ni nini, juu watu wengi wanafikiri ni sawa na redio uliyopunguza sauti, ukipandisha sauti basi yote inarudi. Hapana, haiko vile.

Ndani ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono, na ndani yake kuna vinywele vidogo vidogo vinavyoshika sauti na kuipeleka ku ubongo. Kelele kali inavivunja, na vya mtu vikishavunjika havioti tena, hakuna dawa ya kuvirudisha. Wanaopima kazi wanasema kelele ya desibeli 85 mtu anaweza kuivumilia masaa 8 kwa siku, lakini kila ukiongeza 3 tu masaa yanakatwa nusu: 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2, ukifika 100 ni dakika 15. Dakika 15! Mashini ya kusaga chuma na nyundo ku tole zinaweza kufika 100 na kupita, na sisi tulikuwa pale tangu asubuhi mpaka jioni. Na vinywele vinavyotangulia kufa ni vile vya sauti nyembamba za juu, kwa hiyo mtu anabaki anasikia mlango ukigongwa, anasikia gari, anasikia jina lake likiitwa, anasikia a, e, i, o, u zote vizuri sana, lakini s, f, t, sh zinapotea. Mi nasikia "i" na "u". Sasa ulisema kitu, ulisema kisu, ama ulisema kifuu? Nasikia kwamba umeongea, sijui umesema nini. Na hapa kwetu ku kazi tunahesabu kwa Kifaransa: "sisi" ni 6, "disi" ni 10. Mtu akiita kwa mbali "sisi", mi ninashika "i-i" basi, na unafikiri ni mabomba mangapi nilikata vibaya juu ya hiyo herufi moja!

Siku moja shefu wa ekipi alinipigia kelele kwa nyuma niache kuvuta mnyororo, na mi nikaendelea kuvuta. Haikuumiza mtu, namshukuru Mungu mpaka leo, lakini mzigo uligonga meza ya kazi. Akanisimamisha mbele ya wote, vijana wa stajie wanatazama, akasema, "Huyu ni sikio la kufa, halisikii dawa." Akanikata siku mbili. Methali ile tunaijua wote, inasemwa ku mtu mkaidi, mtu aliyeonywa akakataa. Mi sikukataa. Mi sikusikia. Na nilinyamaza, sikusema "shefu, masikio yangu yanakufa", juu niliona afadhali waniite mkaidi kuliko waniite kiziwi, mkaidi anakatwa siku mbili na anarudi, kiziwi anafukuzwa.

Hapo njo pale ninapotaka watu wafike. Sisi tunajificha. Nimejificha pengine miaka 8. Nilijua kukaa ku kona ya chumba ili wote wawe mbele yangu, nilijua kucheka wakati wengine wanacheka, nilijua kuwaza jibu kabla ya swali. Mwaka 2020 watu walipoanza kuvaa maske juu ya korona njo nilijua kwamba nilikuwa nasoma midomo, hakuna mtu aliyenifundisha, ilijifundisha yenyewe, na ghafla midomo yote ya mji ikafichwa, nikawa kama mtu aliyezimiwa taa. Jioni nilifika nyumbani nimechoka kuliko mwili ulivyofanya kazi, mama watoto akafikiri nimekunywa, nikakataa kuongea na mtu, nikalala saa moja. Kusikiliza kwa nguvu siku nzima kunachosha, anayesikia vizuri hawezi kujua hiyo uchovu inatoka wapi.

Babu yangu naye alikuwa mtu wa migodi, na sisi wajukuu tulimwogopa sana juu alikuwa anaongea kwa sauti kubwa, hata kukuambia karibu mezani ukule bukari alikuwa kama anagomba. Tulisema babu ni mkali. Amekufa tukisema babu ni mkali. Leo watoto wangu wananiambia, "Papa, unapiga kelele," na mi sijui kama napiga kelele, juu sauti yangu mwenyewe siisikii vizuri.

Basi, je, ni ulemavu? Binti yangu anasoma sheria na njo yeye aliyenikalisha chini tukasoma pamoja, na nilishangaa sana, juu nilifikiri sheria haituoni kabisa, kumbe inatuona.

Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee kufuatana na mahitaji yake. Sheria ya kazi ya mwezi wa kumi 2002 inasema ulemavu hauwezi kumzuia mtu kupata kazi anayoiweza kwa akili, kwa viungo vya kuhisi na kwa mwili, isipokuwa kama ulemavu huo utaleta hasara ama usumbufu ku kazi yenyewe. Mwaka 2015 Kongo ikaingia ku mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ule uliopitishwa 2006. Halafu tarehe 3 mwezi wa tano 2022 tukapata sheria yetu wenyewe, sheria organike namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu, wakati mama Irène Esambo yuko waziri wa jambo hili.

Na ule mkataba unasema nini? Hausemi kiziwi kabisa, hausemi kipofu kabisa. Unasema upungufu wa muda mrefu wa mwili, wa akili ama wa viungo vya kuhisi, ambao ukikutana na vizuizi mbalimbali unaweza kumzuia mtu kushiriki sawa na wengine. Nilimwomba binti anisomee tena pale "ukikutana na vizuizi". Kwa hiyo kuna vitu viwili, kuna sikio langu, na kuna kile ambacho sikio langu linakutana nacho. Ku depo ile ambako kila kitu kinapita ku boni iliyoandikwa, sikio langu lingekutana na kizuizi gani? Karibu hakuna. Lakini niweke ku gishe nyuma ya kioo, umeme umekatika, grupe, mashini ya kutoa umeme, inanguruma nje, watu kumi wanasema pamoja, pale mi ni mlemavu kabisa na sitabishana na mtu. Mimi ni yule yule. Ulemavu wangu unapimwa pale mi na kazi tunapokutana, hauwezi kupimwa ndani ya biro ya munganga iliyofungwa kimya, na hauwezi kupimwa ku namba ya odiogramu peke yake bila kwenda kuona meza nitakapokaa. Waganga wote wawili walioniandikia walikosea kosa moja, hakuna hata mmoja aliyeuliza kazi yangu inafanywa namna gani.

Kama mtu anataka namba, namba zipo. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema anayesikia kuanzia desibeli 20 kushuka huyo yuko muzuri, kati ya 20 na 35 ni upungufu mdogo, 35 mpaka 50 ni wa kati, na kuendelea hivyo mpaka 95 na kupita, ambako hakuna tena kitu kinachosikika. Na wao wanahesabu ni upungufu unaolemaza pale sikio lililo bora kati ya mawili limepita 35. Ku dunia nzima watu hao ni karibu milioni 430. Sikio langu lililo bora ni 41, kwa hiyo hata ku namba nimeingia, na bado niliambiwa hakuna ulemavu.

Lakini mi mwenyewe siziamini sana namba zikiwa peke yake. Nina rafiki wa Katuba, fundi wa pikipiki, sikio moja limekufa kabisa tangu utoto juu ya usaha uliotoka miaka bila kutibiwa, la pili ni zima kama la mtoto. Kwa ile kanuni ya sikio lililo bora yeye hahesabiwi kati ya wale milioni 430. Sasa mwite barabarani. Anasikia, anageuka, anageukia upande mbaya, juu ni masikio mawili pamoja ndiyo yanayomwonyesha mtu sauti inatoka wapi. Gari ikipiga honi yeye anajua kuna gari, hajui iko wapi. Akiomba kazi ya kupita kati ya magari makubwa, jambo hilo lina uzito, akiomba kazi ya kutengeneza motere mezani, halina uzito wowote.

Kwingine wamepita ku mabishano haya haya. Marekani wana sheria ya 1990 ya kulinda wenye ulemavu, lakini mwaka 1999 mahakama yao ya juu kabisa ikasema mtu apimwe jinsi alivyo akiwa amevaa miwani yake ama kifaa chake, na watu wengi wakakosa ulinzi kwa njia hiyo, juu mwajiri anakufukuza kwa sababu ya masikio halafu kortini anasema wewe na kifaa chako unasikia, si mlemavu. Ni kama karatasi zangu mbili kabisa! Bunge lao likarekebisha mwaka 2008, likaandika wazi kwamba apareyi ya masikio isihesabiwe, mtu apimwe bila hiyo. Uingereza sheria yao ya 2010 inafuata njia hiyo hiyo, na inataka tu jambo liwe na uzito ku maisha ya kila siku na lidumu mwaka ama zaidi. Ufaransa sosiete yenye watu 20 na kupita inatakiwa wafanyakazi wenye ulemavu wawe 6 ku 100, na mtu anayesikia nusu anaweza kuomba atambuliwe. Majirani zetu wa Tanzania sheria yao ya 2010 inasema mwajiri wa watu 20 na kupita awe na 3 ku 100.

Na kuhusu apareyi, juu kila mtu ananiambia "si uvae apareyi basi". Nilivaa moja ya kuazimwa majuma matatu. Inasaidia, nyumbani inasaidia sana, nilisikia mjukuu wangu anavyosema "shikamoo" na ile "sh" yake, nikatoka nje nisimame kidogo peke yangu. Lakini ku atelie inapandisha kila kitu pamoja, sauti ya mtu na sauti ya nyundo, kichwa kinauma. Bei yake mshahara wa miezi mingi, betri zinaisha, vumbi letu la kiangazi na jasho vinaiharibu. Miwani inamrudishia mtu macho, apareyi haimrudishii mtu masikio.

Nirudi ku jambo zito la ndugu wa Kampemba, kwamba tunakula nafasi ya viziwi wa kweli. Hapo hajasema ovyo. Viziwi wanaoongea kwa mikono wamefungiwa milango zaidi yangu mara mia, wengi hata shule hawakuifika, na sitaki hata siku moja mtu aseme nilikaa ku kiti chao. Na hatari ni ya kweli, juu nawajua mapatro wetu, siku serikali itakapowaambia waandike walemavu kadhaa, watachagua mtu kama mimi anayejibu telefoni, watamwacha kiziwi nje, na hesabu yao itakuwa imetimia.

Lakini hayo ni mambo mawili na ndugu yetu ameyafunga ndani ya kamba moja. Nafasi zilizotengwa ni jambo moja, na pale mi nasema wazi ziangalie uzito, anayebeba mzigo mkubwa atangulie. Kutofukuzwa, kutoandikwa inapti bila mtu kutazama kazi yenyewe, kupewa meza inayotazama mlango, kupewa maneno kwa maandishi, hayo ni jambo lingine, na pale tuhesabiwe wote, wa desibeli 30 na wa 90. Nikiandikiwa boni badala ya kupigiwa kelele, kiziwi gani amepoteza kitu? Hata kiziwi mwenyewe anafaidika na hiyo boni.

Na sisemi tupewe kazi zote. Anayeendesha treni lazima asikie. Anayeongoza mnyororo wa mzigo juu ya vichwa vya watu lazima asikie, ama kuwe na taa na ishara za mikono ambazo wote wamejifunza. Mi nilikuwa ku mnyororo na haikufaa niwe pale, na kama ningekuwa na uhakika kwamba nikisema sitafukuzwa, ningesema siku ya kwanza. Njo maana nasema huku kuficha ni hatari ku wengine pia, si ku sisi tu. Kijana mmoja wa kusude kule Ruashi alinieleza anavyodanganya mashini ya kupima masikio: anatazama mkono wa anayepima, mkono ukisogea anabonyeza kidude. Karatasi yake inasema ni mzima. Kesho atapelekwa ku kelele zaidi na vinywele vilivyobaki vitakwisha, na hakuna atakayejua vilikwisha wapi, juu siku ya kuingia hakuna aliyempima, siku ya kutoka amejificha. Laiti kila atelie ingempima mtu siku anapoanza! Ile karatasi ya siku ya kwanza njo ingekuwa shahidi. Mi sina. Nilipoulizwa, "utajuaje kama ulikuja na masikio mazima?" sikuwa na kitu cha kuonyesha, nilikuwa na maneno tu.

Leo nafanya kazi ku duka la vyuma na sima karibu na soko la Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, kwa mama mmoja mjane. Nilipoenda kumwomba kazi nilimwambia pale pale, kabla ya jina langu, "Mama, masikio yangu yanasikia nusu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mwajiri. Akanitazama kidogo, akauliza, "Sasa wateja tutafanyaje?" Hilo tu. Tukafikiri pamoja kama dakika kumi. Grupe ikahamishwa nyuma ya ukuta, meza yangu ikageuzwa itazame mlango, na pale mbele pamewekwa kibao na chaki, mteja anaandika mifuko mingapi, mi naandika bei. Wateja wamezoea, na wengine wasio na shida ya masikio wamekipenda juu hakuna tena kugombania hesabu. Akitaka kuniita nikiwa ku depo ananitumia mesaji. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa magazinie niliokosa, karibu nusu yake, na nina watoto wawili bado wako shuleni, kwa hiyo sitaki mtu asome hapa afikiri mambo yangu yamemalizika vizuri. Dakika kumi mama yule alizipata, munganga wa ile sosiete hakuzipata.

Ninachoomba ku waganga wanaopima watu kabla ya kazi ni kitu kidogo, kabla ya kuandika lile neno inapti muulize kazi inafanyika namna gani, na muandike mtu huyu asiwekwe wapi, awekwe wapi, apewe nini. Mapatro, msimtume mtu kwa munganga kama vile mnamtuma ku mlango wa kutokea. Na madelege wa sendika, nyie mnaopigania bei ya bukari na transpoti kila mwaka, na ni vizuri, hili la masikio sijawahi kulisikia ku mkutano wenu hata mara moja, na mi nilikaa mbele.

Jumatatu ijayo nitapeleka karatasi zangu zote mbili, zikiwa zimeshikanishwa pamoja, ku mkaguzi wa kazi, ili mtu mmoja azisome kwa siku moja. Najua mko wengine wenye karatasi kama hizi, mafundi wa tole, wa kusude, wa mashini ya kusaga mawe, pengine mmezificha chini ya godoro. Zileteni. Nitakuwa pale ku mlango saa mbili asubuhi, shati la bulu la kazi. Msiniite kwa nyuma, piteni mbele niwaone ama mniguse bega.

Jina langu mnalo, naomba lisitoke ku gazeti juu ya watoto.

Fundi wa tole,
Komini ya Kenya, Lubumbashi